Albamu Inaweza Kungoja, Shosho Hawezi

Kila Desemba watu wakirudi ushago, mtandao unajaa picha za kitambo. Guka na suruali pana, mama na nywele za afro, mtoto uchi kwa beseni. Tunacheka, tunapenda, tunasonga. Halafu Januari mtu anaamua atatengeneza kitabu cha kumbukumbu cha familia. Ananunua kitabu kikubwa chenye jalada gumu, gundi, stika za maua na kalamu za rangi. Anabandika picha kumi na moja. Hapo safari inaisha, kitabu kinawekwa juu ya kabati.

Mimi naona tunaanzia mwisho. Kubandika ndio sehemu rahisi. Kazi yenyewe ni kukusanya, kuuliza majina na kuhifadhi. Na hiyo kazi haiwezi kungoja mpaka upate pesa ya stika, kwa sababu wale wanaojua majina wanazeeka.

Nasema hivi nikiwa nimeifanya. Niliacha chuo nikiwa mwaka wa pili, na mnajua vile familia huongea ukiwa hauna kazi ya kwenda asubuhi. Shangazi mmoja akasema, "Si huyu ako na simu nzuri na hana shughuli, apange hizo picha." Alikuwa ananipiga mshale kidogo, lakini nilikubali. Ilinichukua miezi minne, nyumba sita, na zaidi ya picha mia nne. Kuna mambo nimeona huko ambayo sijaona watu wakiyaongelea.

La kwanza ni kwamba sisi hukusanya picha mtu akishakufa. Fikiria matanga ya mwisho uliyoenda. Kamati inakaa, mtu anasema kijitabu cha mazishi kinafaa kuwa kwa printa kesho saa nne. Usiku huo ndio kila mtu anapekua. Picha inatolewa kwa fremu na kisu, nyingine inang'olewa kwa albamu, zinawekwa kwa bahasha moja na kupelekwa saiba mjini. Kijitabu kinatoka kizuri. Zile picha halisi hazirudi. Sisi tulipoteza picha tano za babu hivyo, na moja ilikuwa ya pekee akiwa kijana. Hakuna mtu aliiba. Kila mtu alifikiria mwingine amezichukua.

Hata hizo zilizobaki, nani anajua ni nani? Kwa matanga watu wanalia, huwezi kuanza kumuuliza mjane huyu wa pili kutoka kushoto anaitwa nani. Kwa hivyo tunaandika "akiwa na marafiki" na tunaendelea.

Mimi ningesema hivi: ukienda nyumbani, usianze na mkebe wa picha, anza na mtu. Keti na shosho, weka simu irekodi sauti, halafu mpe picha moja moja. Usimharakishe. Na usiulize tu "huyu ni nani?" Uliza hapa ni wapi, nani alipiga picha, hiyo nguo ilitoka wapi, siku hiyo mlikula nini. Jina linaweza kukataa kuja, lakini ukiuliza nguo linakuja. Kama unaweza kuwapata wazee wawili pamoja, bora zaidi. Wataanza kubishana, na kwa ubishi ndio utapata ukweli.

Jina moja pia halitoshi. Kwetu Wakikuyu kijana wa kwanza hupewa jina la babu mzaa baba, wa pili babu mzaa mama, na wasichana vivyo hivyo kwa nyanya zao. Kwa hivyo ndugu watano wa nyumba moja wote watakuwa na mtoto mwenye jina la babu yule yule. Ukiandika "Njoroge, 1974" hujaandika kitu. Andika Njoroge mtoto wa nani, na alizaliwa nyumba gani.

Utagundua pia kwamba picha za kina mama ni chache. Mpaka sheria ilipobadilishwa 1978, kitambulisho cha Kenya kilikuwa cha wanaume peke yao. Kwa hivyo guka anaweza kuwa na picha ndogo ya kitambulisho ya miaka ya sitini, na shosho, wa rika moja naye, picha yake ya kwanza ni ya miaka ya themanini akiwa na watoto sita. Ukipata picha ya shosho akiwa msichana, hata kama imekunjika na nusu imeliwa, hiyo ndiyo kwanza kushughulikia.

La pili litakasirisha wengine. Usibebe picha za wazee kuja nazo Nairobi. Najua unasema ni za kuhifadhi. Lakini shosho yangu hutazama ile picha ya ukutani kila jioni akizima taa. Nikiichukua, nimehifadhi karatasi na nimemnyang'anya mtu wake. Nakili hapo hapo na uirudishe siku hiyo hiyo. Tena ukikusanya picha zote za ukoo kwa nyumba moja, umeweka mayai yote kwa kikapu kimoja chenye nyaya mbovu za stima. Na si moto tu. Mwisho wa 2007 na mwanzo wa 2008 watu wengi nchini walitoka nyumbani mbio bila kubeba kitu, na huwezi kurudi dukani kununua picha ya harusi ya mama yako.

Kunakili si lazima uwe na mashine. Keti karibu na dirisha mchana, pale jua halipigi moja kwa moja. Laza picha kwa kitambaa cheusi au karatasi nyeupe, zima mwanga wa simu, shika simu ikiwa sambamba na picha, piga mara mbili. Geuza, piga na mgongo pia, kwa sababu muhuri wa studio na maandishi yako huko. Kama unaweza kupata skana, weka dpi 600 kwa picha ndogo. Kama picha imeshikana na kioo cha fremu, usiivute, itabaki kwa kioo. Piga ikiwa hapo hapo.

Usitume hizo nakala kwa WhatsApp kama picha za kawaida, itazipunguza mpaka nyuso zikuwe kama uji. Tuma kama faili. Weka nakala tatu: kwa kompyuta au simu, kwa flashi, na moja mbali na hapo, iwe mtandaoni au kwa ndugu anayeishi mji mwingine. Faili zipe majina yanayoanza na mwaka, halafu mahali, halafu watu. Namba ya simu peke yake haitasaidia mtu yeyote 2050.

Kuhusu zile picha zenyewe, adui wake ni jua, joto, maji, moshi na wadudu. Kwetu Kinangop kuna ukungu na baridi, na picha nyingi zilikuwa jikoni au kwa sanduku lililokaa sakafuni. Zilikuwa zinanuka moshi na zimeshikana kama chapati. Zitoe jikoni, ziinue kutoka chini, na usiziweke juu karibu na mabati, joto la mchana litazimaliza. Kabati la ndani ya nyumba linatosha. Mkebe wa biskuti ambao siku hizi una sindano na nyuzi ni mzuri sana ukiwa haujashika kutu. Funga picha kwa karatasi nyeupe safi, tupa ndani vile vipakiti vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu. Toa raba, toa pini, toa klipu za chuma. Kipande cha gazeti kisikae kikigusana na picha, kitaacha doa la njano.

Mambo matatu naomba kabisa. Usiandike nyuma ya picha na kalamu ya wino, utaona maandishi upande wa mbele. Tumia penseli laini, polepole, pembeni, na kama penseli inateleza, andika kwa karatasi ya kufungia. Usiweke selotepu mahali pamechanika. Na usipeleke picha kwa laminesheni. Najua Wakenya tunapenda laminesheni, tukiachwa tutalamineti hata mzee wa kijiji. Lakini ule moto na ile plastiki haviwezi kutolewa tena. Zile albamu za zamani zenye kurasa za gundi na plastiki juu nazo zinakula picha taratibu. Kama inatoka, pitisha uzi wa meno chini yake kama msumeno, pole pole. Kama inakataa, iache na uipige picha.

Usisahau vitu ambavyo si picha. Kwa nyumba ya guka nilipata risiti za mkopo wa shamba. Familia nyingi za Kinangop zilipata mashamba kupitia mpango wa ekari milioni ulioanza 1962, na walilipa huo mkopo kidogo kidogo miaka na miaka. Hizo risiti zilikuwa zimefungwa na kamba ya katani, pamoja na kadi ya maziwa na kadi ya ubatizo. Mjomba alitaka kuziwashia moto. Kwangu hizo zina uzito kushinda picha ya suti, kwa sababu zinaonyesha suti ilinunuliwa na nini. Kuna nyumba bado zina kipande, kile cheti mkoloni alilazimisha wanaume Waafrika kubeba, kikining'inia shingoni kwa kijikasha cha chuma. Mkoloni mwenyewe alijua nguvu ya karatasi. Alipoondoka alibeba mafaili, na ni 2011 tu ndipo serikali ya Uingereza ilikubali kwamba mengine yalikuwa yamefichwa huko Hanslope Park. Kama wao waliona yanafaa kufichwa, wewe unachomaje yako?

Kitu ambacho hakilali bapa, kama kibuyu au leso au beji ya kanisa, kipige picha, andika hadithi yake, na ukiache kwa mwenyewe.

Sasa kuna ile sehemu ngumu. Nilipata picha moja ya harusi ambayo uso wa mtu umekatwa na makasi. Nikauliza, chumba chote kikanyamaza. Baadaye shangazi akaniambia kando, "Hiyo tupa tu, itatuletea maneno." Kila familia iko na hiyo picha: bibi wa kwanza asiyetajwa, mjomba aliyefukuzwa, mtoto aliyelelewa kama mdogo wa mama yake.

Sikutupa. Lakini pia sikuiweka mtandaoni, na hapa naongea na sisi wa video. Msimamo wangu ni kwamba kuhifadhi na kutangaza ni vitu viwili. Picha imekaa kwa bahasha, imeandikwa jina na mwaka, inajulikana na watu watatu. Kuna mtu mahali anaweza kuja siku moja kuuliza mama yake alikuwa nani, na huyo ana haki ya kupata jibu. Hana deni la kupata jibu hilo kwa ukurasa wangu na muziki chini yake. Aibu ya wazee si kontenti. Kama mwenye picha ako hai, muulize. Akikataa, amekataa.

Kuna watu wataniambia hii ni anasa, ati watu wanatafuta rent na wewe unaongea penseli. Sawa. Lakini hesabu: penseli, karatasi, mkebe uliopo tayari, simu unayosomea hii, na siku mbili za likizo. Matanga yatatugharimu zaidi, na kwa matanga tutalipa mtu atengeneze kijitabu chenye majina yasiyo sahihi. Kilicho ghali hapa ni kuketi chini na kusikiliza, na ndio maana tunakikwepa kwa kununua albamu.

Kitabu kitengeneze baadaye, ukiwa umekusanya na umepanga. Na ndani bandika nakala zilizochapishwa, usibandike zile halisi. Watoto watakimwagia chai, watakichora, na hakuna shida, unachapisha tena.

Kwa hivyo kabla uende dukani, piga simu nyumbani wikendi hii. Uliza mkebe uko wapi na nani anajua watu waliomo. Kama huyo mtu ana miaka themanini, panda matatu Jumamosi. Beba penseli, na umbebee mkate.