KONA YA FUNDI: Andika jina nyuma ya picha

Mwezi huu tunamwangalia fundi seremala aliyekuja kuwa mpiga picha mkubwa wa Afrika. Ni Seydou Keïta, wa mji wa Bamako, nchini Mali.

Keïta alizaliwa mnamo 1921 hivi. Shule hakuingia, kazi yake ilikuwa randa na msumeno. Mwaka 1935 mzee mmoja wa familia alirudi kutoka Senegal na kamera ndogo ya Kodak Brownie, akampa. Filamu yake ilikuwa ya picha 8 tu. Akaanza na watu wa nyumbani. Picha zingine ziliharibika, lakini hakuacha. Useremala ndio ulimlisha, picha alipiga kwa kupenda tu.

Kisha akapata mwalimu. Mountaga Dembélé, aliyefundisha shule na kupiga picha pia, alimwonyesha namna ya kusafisha picha. Baadaye Keïta akapata kamera kubwa ya kusimamisha juu ya miguu 3. Negativu yake ilikuwa sentimita 13 kwa 18, na picha ilitoka ukubwa uleule, bila mashine ya kukuza. Mwaka 1948 akafungua studio pale pale nyumbani kwao.

Mwanga wa jua ulimtosha. Nyuma ya mteja alitundika shuka la kitanda chake mwenyewe. Huna koti? Utaazimwa, na saa, na redio pia. Mara nyingi alipiga mara moja tu, maana filamu ni pesa. Kitambaa cha nyuma alikibadilisha kila baada ya miaka 2 au 3. Basi uzeeni, akikitazama tu, alijua picha ni ya miaka ipi.

Negativu zake alizitunza maelfu kwa maelfu. Lakini mwaka 1991 picha zake zilipoonyeshwa New York, hazikuwa na jina la mpigaji. Ikabidi atafutwe mpaka Bamako, akakutwa mzima. Mwaka 1994 akafanyiwa maonyesho yake Paris, kwa jina lake. Alifariki 2001.

Sasa tuulizane sisi wenyewe. Wengi tulikimbia na nguo za mwilini tu. Aliyebahatika kubeba picha moja ya harusi ama ya bibi, ameificha pamoja na kadi ya posho. Mtoto aliyezaliwa hapa kambini akiiona, atajuaje huyo ni nani? Na wewe usipokuwepo, nani atamwambia?

Chukua penseli laini, usikandamize, andika nyuma: majina, kijiji, mwaka. Kama mwaka umesahaulika, waulize wazee, nguo na nyumba zitawakumbusha. Na zile za kwenye simu, toa hata moja kwenye karatasi, maana simu huibiwa na huharibika.

Fanyeni kazi hiyo wiki hii, wazee wangali wapo. Tuonane mwezi ujao.