Mzegazega Ukutani

Mbele yangu upo ubao wa mraba, wa aina ile ile aliyoitumia Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora jijini Dar es Salaam mwaka 1968: ubao mwembamba wa dari, uliopakwa rangi ya baiskeli. Amechorwa mtu mwenye mzegazega begani, na madebe mawili yananing'inia, moja mbele na moja nyuma. Niliuonyesha darasani Temeke. Mwanafunzi mmoja akasema huyo ni mvuvi. Mwingine akasema anauza mafuta ya taa. Hakuna aliyemtambua muuza maji.

Wapo wenzetu, na miongoni mwao walimu, washikiliao kwamba hapo hakuna hasara. Utamaduni, kwa mawazo yao, ni ngoma, vinyago na mavazi ya jadi. Kuchukua maji begani ilikuwa dhiki tu, na dhiki ikiondoka haililiwi. Nusu ya hoja hiyo naikubali. Debe hujaa galoni 4, yaani lita 18 hivi. Madebe mawili ni kilo 36 kabla hujaupima mti wenyewe. Simtakii kijana yeyote wa Tandika au Mwananyamala bega la namna hiyo.

Lakini tangu lini dhiki ikawa kinyume cha utamaduni? Muuza maji alilichukua debe tupu la mafuta ya taa, akalikata juu, akapigilia kipande cha mti katikati kuwa mshikio. Alichagua mti unaonepa, kwa kuwa mti mkavu huumiza bega na humwaga maji. Juu ya maji aliweka jani bichi likaelea, mawimbi yakatulia. Kisha alikwenda kwa hatua fupi zilizofuatana na mnepo wa mti. Mwalimu wa fizikia anayetafuta mfano wa mizani na mtikisiko ananunua vitabu vya ng'ambo, na mfano umepita mlangoni pake kwa miaka mingi!

Watatuambia: picha ipo, yatosha. Haitoshi. Huko Catalonia, Uhispania, katika karne ya 17 hadi ya 19, wafinyanzi walichora kwa mkono vigae vidogo vya ukutani, kila kigae na mtu mmoja kazini mwake. Leo vigae hivyo vimo katika makumbusho, na wapenzi wa vitu vya kale huvinunua. Ni vizuri mno. Hata hivyo kigae hakimwambii mtazamaji mchuuzi yule alinadi kwa maneno gani, alimkopesha nani, wala alikunywa nini jua lilipokuwa kali. Ubao wangu nao ni bubu vivyo hivyo, na wa kuusemea bado wanaishi.

Kosa letu ni la muda mrefu. Sheria ya Nguvukazi ilipotungwa mwaka 1983, wachuuzi wadogo wa Dar es Salaam walikamatwa pamoja na walioitwa wazururaji. Mwaka 2021 wamachinga waliondolewa kandokando ya barabara za jiji. Barabara sharti zipitike, sibishani na hilo. Ila daftari la ushuru nimeliona, la watuhumiwa nimelisikia. Daftari la kuandika kazi hizo zilivyofanywa sijapata kuliona.

Basi walianzishe wanafunzi. Kila shule ya sekondari ya Kinondoni na Temeke ina jirani mzee aliyeuza maji au aliyeyanunua. Aulizwe kwa heshima, baada ya shikamoo na si kabla: maji yaliteka wapi kabla bomba halijafika mtaani? Jozi ya madebe ilikuwa shilingi ngapi? Deni liliandikwa kwa kalamu, au kwa mistari ya mkaa mlangoni? Mzegazega ulikatwa mti gani, nao uliletwa kutoka wapi? Majibu yaandikwe kwa maneno yake mwenyewe, pasipo kusahihishwa Kiswahili chake, na nakala moja ibaki katika maktaba ya shule.