Nifungieni mkopo ningali mzima

Kadi yangu ya benki imewahi kukaa kwa watu wawili. Wa kwanza alikuwa mkopeshaji wa mtaani, wa ile mikopo tunayoiita kausha damu. Aliichukua pamoja na namba ya siri, na kila mshahara ulipoingia aliwahi mashineni kabla yangu. Wa pili ni dada yangu anayeishi Makorora, na anayo mpaka leo. Huyu nilimkabidhi kwa mkono wangu, ila namba ya siri sikumpa. Yeye ana kadi, mimi nina namba, kwa hiyo pesa haitoki mpaka tukutane.

Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Tanga, mama wa watoto wawili, na nina ugonjwa wa akili unaoitwa baipola. Mtu akisikia ugonjwa wa akili humuona yule anayeokota makopo barabarani. Mimi nasahihisha madaftari ya Kidato cha Pili. Ugonjwa wangu huja kwa misimu. Kuna msimu wa sonona, ambapo kunyanyuka kitandani ni sawa na kubeba gunia la mahindi. Na kuna msimu wa kupanda, madaktari huuita mania: usingizi unakimbia, maneno yanatoka yakifukuzana, na kila wazo linalokuja unaliona limeshushwa kutoka mbinguni. Katikati ya misimu hiyo niko kama wewe. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 40 walikuwa wakiishi na ugonjwa huu. Na katika dalili ambazo madaktari huzitafuta ili kuutambua, kununua vitu bila kujizuia kumetajwa waziwazi, palepale penye kukosa usingizi na kuongea kupita kiasi.

Nitoe hesabu zangu, maana hili jambo likisemwa juujuu linageuka kuwa mawaidha ya kubana matumizi. Agosti 2021, ndani ya siku tisa, nilinunua cherehani sita kwa shilingi 310,000 kila moja, nikitaka kufungua chumba cha ushonaji kwa wasichana waliokatisha shule. Nikalipia fremu ya duka Ngamiani miezi sita mbele, 120,000 kwa mwezi. Nikanunua katoni kumi za madaftari ya kugawa bure, 62,000 katoni. Nikawatumia watu 37 walio kwenye simu yangu shilingi 20,000 kila mmoja, akiwemo fundi bomba niliyemwona mara moja tu maishani. Na kwenye harusi ya jirani nilipanda jukwaani kumtunza mwimbaji wa taarabu, noti baada ya noti, mpaka zikafika 240,000. Jumla 4,180,000. Mshahara wangu wakati ule, baada ya makato, ulikuwa kama 690,000. Nilitumia miezi sita ya maisha ya wanangu kwa siku tisa.

Hakuna aliyenizuia, na sioni wa kumlaumu. Tazama tena hiyo orodha. Iko wapi anasa? Hakuna pombe, hakuna gauni, hakuna dhahabu. Ilikuwa sadaka tupu, na sisi watu wa pwani tunampenda mtu mwenye mkono mwepesi. Nilipokuwa natunza pale harusini vigelegele vilipigwa mpaka mtaa wa pili. Waliozipokea zile elfu ishirini walinijibu kwa dua. Baadaye mama alisema ni israfu. Shangazi akasema nimeingiliwa. Mwalimu mkuu, nilikuja kusikia, alidhani nimepata mchumba wa bandarini. Aliyegundua ni binti yangu mkubwa, ambaye hakuziona pesa kabisa. Aliona usiku wa nne mfululizo mama yake anafua mapazia saa tisa usiku.

Swali ambalo wasomaji wengi mnajiuliza ni: zilitoka wapi? Milioni moja na nusu zilitoka SACCOS, akiba ya miaka. Milioni moja na nusu nyingine nilipewa na yule wa kausha damu, kwa maneno matatu na kadi. Zilizobaki, 1,180,000, zilitoka kwenye simu: programu tano za mikopo, zote usiku, zote kwa dole gumba. SACCOS angalau walinitaka nifike ofisini nijaze fomu. Kausha damu walau alinitazama usoni. Simu haikutaka hata salamu.

Na simu ilifanya jambo moja ambalo mpaka leo linanikera kuliko deni lenyewe. Nilikuwa nakopa huku, nalipa kule, natuma, napokea, nakopa tena. Kila nilivyozidi kuzungusha, ndivyo kiwango changu cha kukopa kilivyopandishwa. Ujumbe ukaja: hongera, sasa unaweza kukopa zaidi. Kompyuta iliona mteja mchangamfu. Daktari angeniona siku ileile angenitafutia kitanda wodini.

Kushuka kulikuja Septemba. Sitakueleza sana. Niseme tu kwamba sonona yenye madeni haifanani na sonona ya kawaida, kwa sababu ile sauti inayokwambia hufai safari hii ina risiti mkononi. Wakopeshaji wa simu walianza kuwapigia watu wa kwenye orodha yangu, hata mzazi wa mwanafunzi wangu. Cherehani niliziuza nne, kwa nusu ya bei. Fremu mwenye nyumba alikataa kurudisha kodi, na sikumlaumu, mkataba ni mkataba. Madaftari yale angalau yaliandikwa. Deni lote nililimaliza baada ya miezi 22.

Nililipa kwa sababu deni lilikuwa langu. Kuna wenzangu wanaosema ugonjwa ndio uliokopa, basi ugonjwa ulipe. Mimi sikufika huko. Watu wa SACCOS ni walimu wenzangu, akiba zao ni jasho. Lakini kulipa ni jambo moja, na kuuliza kwa nini mlango ulikuwa wazi saa nane usiku ni jambo jingine.

Sasa hivi naishi hivi. Dawa nameza kila siku, nami natumia lithiamu. Ni chumvi ya madini tu, iliyogunduliwa kutuliza mania na daktari wa Australia, John Cade, ambaye alichapisha matokeo yake mwaka 1949. Inataka kupimwa damu mara kwa mara, figo na tezi ya shingo ziangaliwe, na unywe maji ya kutosha, jambo ambalo kwa joto la Tanga halihitaji kuhimizwa. Dawa imepunguza urefu wa milima, ila haijaifuta. Kwa hiyo na pesa nazo nimezitengenezea uzio.

Laini yangu ya simu yenye namba inayojulikana na kila mtu haina pesa. Nina laini nyingine, na kila Jumatatu inaingia 70,000 ya wiki: mboga, bajaji, vocha, dharura ndogo. Huduma ya benki kwa simu niliomba iondolewe. Dada wa dirishani alinishangaa, akaniuliza mara tatu kama nina uhakika, kana kwamba nataka kuuza figo. Kitu chochote kinachozidi 50,000 nakiandika kwenye daftari na tarehe, kisha kinalala siku tatu. Sharti ni kwamba siku hizo tatu na mimi niwe nimelala. Nikipata chini ya saa nne za usingizi usiku mbili zikifuatana, siku zinaanza kuhesabiwa upya, na namtumia dada neno letu. Neno ni "mapazia". Akilipata haniulizi kitu. Anakuja jioni na mkate wa kumimina, anakaa, ananisikiliza ninavyoongea. Kasi ya maneno yangu inamtosha. Kesho yake tunakwenda kliniki.

Hata Mpemba mwenye duka la pembeni nimemwambia. Nilimwambia hivi: mzee wangu, ukiniona nachukua vitu vya kugawia mtaa, niambie duka limeishiwa. Alicheka sana. Mwaka juzi alinifanyia kweli. Nilitaka katoni nne za sabuni, akasema hana, na mimi naziona nyuma yake zimepangwa mpaka darini. Nilimkasirikia wiki nzima.

Hapo ndipo lilipo dai langu, na ndilo lililonifanya niandike. Mpemba wangu ameweza. Dada yangu ameweza. Kwa nini kampuni yenye wahandisi na kompyuta zinazojua nimenunua vocha ngapi tangu Januari ishindwe?

Ninachotaka ni kidogo. Niwe na haki ya kuiambia simu yangu, siku niliyo mzima na nimelala vizuri: usinikopeshe. Nikitaka kufungua, nisubiri saa 72. Nisiulizwe sababu, nisitakiwe cheti cha daktari, kwa sababu hakuna anayetaka kampuni ya simu iwe na faili la wagonjwa wa akili wa Tanzania. Mlevi anayejijua atajifungia. Anayeshindwa kuacha mikeka ya kubeti atajifungia. Mama anayemkimbia mume mwenye kujua namba yake ya siri atajifungia. Mimi nitakuwa mmoja kwenye foleni ndefu.

Haya yanafanyika kwingine. Uingereza zipo benki ambazo mteja anazuia mwenyewe, ndani ya simu yake, malipo yote ya kamari, na nyingine zinamchelewesha akitaka kuondoa kizuizi. England na Wales wamekwenda mbali zaidi: tangu Mei 2021, mtu anayetibiwa akiwa katika hali mbaya ya ugonjwa wa akili anaweza kusimamishiwa riba nyingi na usumbufu wa wadai kwa muda wote wa tiba hiyo, na siku 30 juu yake. Deni halifutwi. Linangoja mtu apone. Nilipolisoma hilo nilikumbuka zile simu za Septemba, nikalia.

Kwetu sheria haiko kimya kabisa. Sheria ya Mikataba inataka anayeingia mkataba awe na akili timamu wakati uleule wa kuingia, na inamtambua hata mtu ambaye kwa kawaida ni mzima lakini kuna vipindi hayuko sawa. Aliyeiandika ni kama alikaa na mimi. Lakini nikathibitishe vipi, mbele ya nani, kwamba saa nane na dakika ishirini usiku wa Jumatano fulani sikuwa sawa, nilipobonyeza "kubali"? Na wakili nimlipe kwa pesa gani? Benki Kuu nayo haikulala: mwaka 2024 ilitoa mwongozo wa wakopeshaji wa kidijiti, na Novemba mwaka huohuo ikatangaza kuzipiga marufuku programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Ni kazi nzuri. Ila hata mkopeshaji mwenye leseni, mwenye riba ya halali, akinikopesha usiku wa nne bila usingizi, amenikopesha mgonjwa.

Najua litakalosemwa. Mtu mzima na pesa yake, nani amzuie? Nakubali, tena nakubali kuliko anayelisema. Nimeona kinachotokea familia ikijitwika kazi hiyo. Baba mdogo alitaka mshahara wangu uwe unaingia kwake "mpaka utakapotulia". Kuna wagonjwa ambao hawajawahi kutangazwa kuwa wametulia, na mashamba yao yamelimwa na wengine miaka kumi. Ndiyo maana kwa dada sikumpa namba ya siri, ingawa nampenda, na yeye mwenyewe ndiye aliyesema nisimpe. Kufungwa na ndugu ni kunyang'anywa. Kujifunga mwenyewe, kwa muda unaoujua, kwa kufuli uliyoichagua, ni kuimiliki pesa yako hata siku ambazo huna uwezo wa kuimiliki.

Na kwa kampuni ninaona hasara yake si kubwa hivyo. Mkopo ninaochukua nikiwa mgonjwa ni mkopo ninaoulipa kwa shida, au siulipi. Kama wanapata faida kwa mikopo ya namna hiyo, basi wauseme ukweli huo hadharani tuujadili.

Wiki iliyopita nilifungua ile menyu ya mikopo kuitazama tu, mchana, nikiwa nimelala saa saba. Namba moja ni kukopa. Mbili ni kulipa. Tatu kuangalia salio la deni, nne vigezo na masharti, tano kubadili lugha. Wamenipa nafasi ya kudaiwa kwa lugha mbili. Naomba namba sita: nifungie.