Chujio Kwanza au Mabomba Kwanza?



Wenzetu wa karakana moja ya mbao wametuandikia wakitaka shauri. Vumbi limewazidi, na wakuu wao wamewaambia kwamba fedha za mwaka huu zatosha kazi moja tu: ama kununua mifuko mipya ya chujio la mtambo wa kuvuta vumbi, ama kumwita kontrakta asafishe mabomba ya hewa yaliyo chini ya paa. Wafanyakazi wamegawanyika. Wa misumeno wataka mabomba, wa randa wataka chujio, na wengine sasa hawasemezani. Tumeona heri jibu letu lisomwe na wote, maana vumbi si la maseremala peke yao.

Kwanza ijulikane kwamba hili si jambo la usafi tu. Mwaka 1995 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani lilitia vumbi la mbao katika hesabu ya vitu vinavyowaletea binadamu saratani, hasa ya ndani ya pua. Tena vumbi jembamba likitimka kwa wingi na kupata cheche laweza kulipuka. Basi mtu akisema "ni unga wa miti tu," asisikilizwe.

Sasa tutazame mtambo wenyewe. Feni huvuta hewa kwenye mdomo ulio karibu na msumeno, hewa hupita bombani, hufika kwenye chujio, na vumbi hubaki pale. Vumbi la mbao halisafiri bila kusukumwa. Lahitaji hewa iendayo kasi ya kama mita 20 kwa sekunde. Kasi ikipungua, vumbi huanguka njiani na kulala bombani, zaidi kwenye kona. Na mara nyingi kinachopunguza kasi ni chujio lililoziba. Ukisafisha mabomba ukaliacha chujio vile vile, hewa itabaki nzito, mabomba yatajaa tena, na fedha zitakuwa zimekwisha. Sisi watu wa reli twalijua jambo hili katika injini za dizeli: chujio la hewa likiziba, injini hutoa moshi mweusi na kukosa nguvu, na fundi mwenye akili hutazama chujio kabla ya kuanza kufungua kitu kingine.

Lakini mtu asikate shauri kwa macho. Mtambo ulio mzuri huwa na geji inayoonyesha tofauti ya mkandamizo wa hewa mbele na nyuma ya chujio. Kama haipo, fundi aweza kutengeneza kipimo kwa mpira mwembamba unaopitisha mwanga, uliokunjwa kama herufi U na kutiwa maji ya rangi. Tofauti ikiwa kubwa kupita ile iliyoandikwa chujio lilipokuwa jipya, chujio limeziba. Tofauti ikiwa ndogo na mdomo hauvuti, basi shida iko kwingine: bomba limeziba au limetoboka, au mkanda wa feni unateleza. Pengine feni yazunguka kinyume baada ya fundi wa umeme kubadilisha nyaya; feni ya namna hiyo huendelea kuvuta kidogo, na watu hudhani ni uzee wa mtambo. Tena kama vumbi latoka upande wa hewa safi, mfuko umepasuka, na hapo hakuna la kungoja.

Tumeonyeshwa pia karatasi ya kontrakta isemayo kwamba kusafisha mabomba huponya kifua. Maneno ya namna hiyo husemwa sana Marekani, kwenye nyumba zenye tanuru la kupasha joto. Huko huko idara ya serikali ya mazingira imewaambia wananchi kwamba haijathibitika kuwa kusafisha mabomba ya nyumbani huzuia magonjwa. Wasafishe wakiona kuvu, panya, au vumbi lililoziba njia. Na nyumba si karakana.

Shauri letu ni hili. Geji ikisema chujio, fedha ziende kwenye chujio. Mabomba yafunguliwe kwenye milango ya kukagulia na mafundi wa karakana wenyewe, kona moja baada ya nyingine, umeme ukiwa umezimwa na swichi kufungwa kwa kufuli. Vumbi livutwe kwa mashine ya kuvuta iliyofaa kazi hiyo, lisipulizwe kwa hewa ya kompresa, kwa maana kulipuliza ni kulitimua. Barakoa ziwe za kuzuia vumbi jembamba, na zitolewe na mwajiri. Kitambaa cha shingoni si barakoa. Lakini geji ikisema mabomba, ndugu zetu wa randa wakubali.

Wala hatupendi namna swali lilivyoletwa. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri aondoe vumbi lenye madhara. Haikuwataka wafanyakazi wagombane ni nusu gani ya vumbi iondolewe. Sheria hiyo hiyo yataka mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama, yenye watu wa pande zote mbili. Swali hili lipelekwe huko kwa maandishi. Hesabu za geji ziandikwe kila Jumatatu asubuhi pamoja na tarehe na jina la aliyesoma, na nakala iletwe kwa katibu wa tawi.

Mhariri