Paka akizeeka, haki yake haizeeki

Ndugu Waislamu, Ijumaa ya leo tunapenda kuzungumza na familia zetu juu ya jambo ambalo huenda wengine wakaliona dogo mno kwa siku tukufu kama hii. Nalo ni paka aliyezeeka nyumbani.

Katika nyanda hizi za kati paka hakuletwa nyumbani kuwa pambo. Aliletwa kufanya kazi. Katika vijiji vya Kongwa, Chamwino, Bahi na Kondoa, mtama, uwele na mahindi huvunwa mara moja tu kwa mwaka, na akiba hiyo sharti iifikishe familia kwenye mavuno mengine. Panya akiingia ghalani, njaa nayo imeshapiga hodi. Basi paka alilala jikoni karibu na mafiga, akalinda kihenge, na watu wakala chakula chao kwa amani.

Siku hizi mambo yamebadilika. Tangu Serikali ianze kuhamia Dodoma mwaka 2016, na mji wetu kupewa hadhi ya jiji mwaka 2018, familia nyingi zimehamia nyumba mpya. Sakafu ni ya vigae, na unga hununuliwa dukani kwa mfuko. Paka aliyelinda gunia la mahindi kwa miaka kumi na zaidi anajikuta hana kazi. Meno yamemtoka, macho yameingia ukungu, na wakati mwingine anakojoa pasipostahili. Hapo ndipo linapotolewa shauri kwamba atiwe ndani ya kiroba, apakiwe kwenye bodaboda, akatupwe mbali asikoweza kurudi. Na mwenye nyumba hujifariji kwa kusema, "Hatukumuua, tumemwachia Mungu."

Je, maneno hayo yanasimama mbele ya sheria ya Kiislamu? Sisi tunasema hayasimami.

Njia mbili, na moja imefungwa

Waislamu wengi wanaijua hadithi ya mwanamke aliyeingia Motoni kwa sababu ya paka, iliyopokewa na Bukhari na Muslim. Aghalabu tunaisoma kwa haraka na kudhani kosa lake lilikuwa kumfunga tu. Tuitazame vizuri. Mtume (S.A.W.) ametaja mambo mawili ambayo mwanamke yule hakuyafanya: hakumlisha paka wake, wala hakumwacha ajitafutie wadudu na wanyama wadogo wa ardhini. Hizo ndizo njia mbili alizokuwa nazo, na lau angeshika moja kati ya hizo angesalimika na lawama ile.

Sasa tumuulize mwenye kiroba: paka asiye na meno, asiyeona vizuri, asiyeweza kuruka hata kiambaza kifupi, atajitafutia nini porini? Kwake yeye njia ya pili imeshafungwa na uzee. Imebaki ya kwanza peke yake, nayo ni kulishwa. Anayemtupa mnyama wa namna hiyo kwa hakika amemfunga, ila tu kamba yake haionekani kwa macho.

Wanazuoni wetu hawakuliacha jambo hili gizani. Imam Izzuddin bin Abdissalam, mwanachuoni mkubwa wa madhehebu ya Shafi'i aliyefariki mwaka 660 Hijria (1262), alipozihesabu haki za wanyama katika kitabu chake Qawa'id al-Ahkam, alianza na matumizi. Akabainisha kuwa mwenye mnyama analazimika kumtunza hata kama mnyama huyo ameshakuwa kilema au mgonjwa kiasi cha kutopatikana manufaa yoyote kwake. Kwa hiyo wajibu hauishi pale manufaa yanapoisha.

Kuhusu najisi na gharama

Wapo wanaotoa udhuru wa twahara. Ni kweli kuwa mkojo na kinyesi cha paka ni najisi, na mahali palipoingia najisi sharti paoshwe kabla ya kusaliwa. Lakini paka mwenyewe si najisi. Sahaba Abu Qatada (R.A.) aliinamisha chombo cha maji yake ya udhu ili paka anywe, na mke wa mwanawe, Kabsha bint Ka'b, aliposhangaa, alimweleza kuwa Mtume (S.A.W.) amefundisha kwamba paka si najisi, kwani ni miongoni mwa wanaotuzungukia majumbani. Dawa ya mkojo basi si kiroba. Dawa yake ni karai la mchanga au majivu, liwekwe pembeni, mbali na miswala, na lisafishwe kila siku. Mama mjamzito asipewe kazi hiyo, maana kinyesi cha paka kinaweza kubeba vimelea vinavyomdhuru mtoto tumboni.

Wengine watasema maisha ni magumu. Hatulikatai hilo, lakini hatujaambiwa tumnunulie paka nyama ya buchani. Ugali uliolainishwa kwa mchuzi wa dagaa usio na chumvi nyingi, ukipondwa, humfaa asiye na meno. Maji safi yawe karibu naye, na gunia kuukuu liwe kitanda chake, hasa usiku wa Juni na Julai ambapo upepo wa Dodoma huuma hata wenye mablanketi. Akionekana kunywa maji mengi kuliko desturi na huku anakonda, huenda figo zimechoka, basi aulizwe daktari wa mifugo. Na tahadhari kubwa: asipewe Panadol wala dawa yoyote ya maumivu ya binadamu. Kwa paka, Panadol ni sumu inayoua.

Siku zake za mwisho

Swali zito ni hili: akiwa katika maumivu yasiyo na tumaini, yafaa kumuua ili apumzike? Hapa wanazuoni wamehitilafiana. Vitabu vya Kishafi'i, ambavyo ndivyo vinavyosomwa zaidi katika madrasa zetu, vinakataza kumchinja mnyama asiyeliwa hata kwa nia ya kumpumzisha. Wanazuoni wa Kihanafi wameruhusu, na wengi wa zama hizi wamefuata rai hiyo pale daktari anapothibitisha kuwa hakuna matibabu. Mwenye kufikwa na jambo hili amuulize sheikh wake na daktari wa mifugo pamoja. Lakini rungu, sumu ya panya na kumzamisha majini havina ruhusa kwa yeyote, kwani Mtume (S.A.W.) ametuamrisha wema hata katika kuua. Na akifa, achimbiwe shimo la kina asije akafukuliwa na mbwa. Hana sala wala sanda, ila ana haki ya kutotupwa barabarani.

Hukumu hii haimhusu paka peke yake. Mtazameni punda, aliyetubebea maji na magunia katika vijiji vya mkoa huu. Wahenga walisema asante ya punda ni mateke, lakini punda akizeeka, binadamu ndiye anayetoa mateke. Huachwa njiani na vidonda vya mgongoni. Kwa miaka kadhaa wengi walinunuliwa na kuchinjwa ili ngozi zao zipelekwe China, mpaka Umoja wa Afrika ulipokubaliana Februari 2024 kusitisha uchinjaji huo barani kote. Nchi yetu nayo ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, inayokataza ukatili kwa wanyama. Muislamu asingojee polisi ndipo akumbuke aliyoyafundishwa na Mtume wake miaka zaidi ya 1,400 iliyopita.

Ndugu wazazi, watoto wetu hujifunza zaidi kwa kuona kuliko kwa kuambiwa. Mzazi hafananishwi na mnyama, na haki yake imetajwa katika Suratul Israa mara tu baada ya haki ya Allah. Lakini mtoto anayeshuhudia kiroba kikifungwa alfajiri amefundishwa somo: kwamba katika nyumba hii, asiye na kazi huondolewa. Na sisi sote, tukijaaliwa umri, tutafika siku ambayo meno yatatoka, macho yatafifia na miguu itagoma. Siku hiyo watoto hao ndio watakaokuwa wenye nyumba.

Tunamuomba Allah (S.W.) azilainishe nyoyo zetu, atujaalie huruma kwa vilivyo dhaifu chini ya mikono yetu, na atuhurumie siku tutakapokuwa dhaifu sisi. Amin.

Wallahu a'lam.