Maikrowevu Imekataa Kupasha? Soma Kifungu cha 46

Makomredi, najua hapa tumezoea kuongea mambo ya tume na kura. Leo mniruhusu niongee kuhusu maikrowevu. Ile ambayo taa inawaka, sahani inazunguka, feni inavuma, halafu dakika mbili zikiisha wali uko baridi vilevile ulivyouweka.

Hapo stima inaingia vizuri, shida iko kwa sehemu ya kupasha. Ndani kuna transfoma inayochukua zile volti 240 za ukutani na kuzipandisha hadi kama 2,000. Kapasita na dayodi zinaziongeza tena hadi karibu 4,000, na hizo ndizo zinaendesha magnetroni, kifaa kinachotoa mawimbi ya kupasha chakula. Dayodi ikiungua, au fyuzi ya volti kubwa ikikatika, au swichi ya mlango ikilegea, chakula kinabaki baridi. Yaani mashine yote ni nzima, kilichokufa unaweza kukishika kwa vidole viwili. (Magnetroni yenyewe ikifa ni hadithi nyingine, hiyo ndiyo ghali.)

Sasa irudishe dukani. Kama waranti imeisha, mara nyingi jibu ni moja: nunua mpya. Spea hakuna. Mchoro wa waya hautolewi kwa fundi wa nje. Basi unaishia Luthuli Avenue kwa fundi ambaye anafungua akikisia, na dayodi aliyoitoa kwa mashine nyingine iliyokufa. Nawaheshimu sana hawa mafundi. Lakini kapasita ya maikrowevu inaweza kubaki na chaji hata baada ya kuchomoa waya, na chaji hiyo inaua. Tafadhali wewe usiifungue na bisibisi ya nyumbani kwa sababu umeona video. Fundi naye hana chaguo, hiyo ndiyo kazi yake ya kila siku, na tunamwachia aifanye gizani.

Hapa ndipo nataka tusome Katiba pamoja. Kifungu cha 46(1) kinampa mtumiaji haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, haki ya kulindwa afya na usalama, na haki ya fidia bidhaa ikiwa na kasoro iliyomletea hasara. Hizo watu wanazijua. Ile inayosahaulika ni aya (b): haki ya kupata habari zinazohitajika ili ufaidike kikamilifu na bidhaa uliyonunua. Mimi nasema mchoro wa waya ni habari ya aina hiyo. Orodha ya spea na mahali zinapopatikana pia. Kampuni zitasema zinaficha mchoro kwa ajili ya usalama wetu. Usalama gani, na fundi anafungua tu hata bila mchoro?

Halafu kumbukeni Mswada wa Fedha wa 2024. Ulikuwa na ushuru wa mazingira kwa bidhaa za elektroniki, ati kwa sababu zinakuwa taka. Tuliingia barabarani Juni 25, na siku iliyofuata Rais akasema hatatia saini. Sawa. Lakini taka zenyewe bado zipo, na hakuna aliyeuliza mbona kifaa kizima kinatupwa kwa sababu ya dayodi moja. Walitaka mnunuzi alipie taka bila kumdai mtengenezaji hata spea.

Wabunge wetu wanaweza kuleta mswada wa kurekebisha Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012. Uwe mfupi: anayeingiza kifaa nchini aweke spea kwa idadi fulani ya miaka, kwa bei inayofaa, na mchoro apewe fundi yeyote anayeuomba. Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria yake ya haki ya kutengenezewa vifaa mwaka 2024, inataja mashine za kufua, friji na simu. Maikrowevu haimo, kwa hivyo tusinakili tu.

Kabla ya huo mswada, kuna Mahakama ya Madai Madogo. Inasikiza madai hadi shilingi milioni moja, huhitaji wakili, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Kama mashine ilikufa mapema na duka limekukataa, weka risiti, weka kadi ya waranti, na umwombe fundi aandike kwa karatasi ni nini kiliungua, atie sahihi na tarehe. Na kama iliungua siku stima ilirudi kwa kishindo, soma 46(3): kifungu hiki kinahusu pia huduma za mashirika ya umma. Mkikwama na fomu, tuandikieni kwenye ukurasa wa tawi. Tuko wanasheria-wanafunzi wa kutosha hapa, tutakaa nazo Jumamosi.