Usiniambie Nizime Simu

Kuna mahubiri ya aina mbili kuhusu simu, na yote mawili yamenichosha.

Ya kwanza ni ya wazee wetu. Kaa kwenye kikao cha harusi au kwenye turubai la msiba, hazipiti dakika kumi kabla mtu hajasema simu zimeharibu vijana: hawasalimii, hawasomi, wanatembea wameinama kama waliodondosha sindano. Anayesema hivyo, mara nyingi, ndiye aliyerusha asubuhi kwenye kundi la ukoo ile sauti ya daktari asiyejulikana anayetibu kisukari kwa maji ya bamia. Ya pili ni ya vijana wenzangu, hasa sisi tuliosoma. Hawa wamegundua kwamba simu inaiba muda, kwa hiyo wanatangaza mfungo. Wanaondoka mitandaoni siku thelathini. Siku ya thelathini na moja wanarudi na andiko refu kuhusu utulivu walioupata na ndege waliowasikia alfajiri, nasi tuliobaki tunabonyeza alama ya moyo.

Sibishi kwamba simu inakula muda. Kila mmoja wetu anaijua ile hali ya kuishika simu ili uone saa, kisha unaiweka chini baada ya nusu saa na saa yenyewe hujaiona. Ninachobisha ni dhana iliyobebwa na mahubiri yote mawili, kwamba simu ni tabia. Kwamba ni kitu cha kuchagua, kama soda au sigara, na mwenye nidhamu atakipunguza. Mimi ninapoishi, hapa Dodoma, simu iliacha kuwa tabia siku nyingi. Imekuwa mlango. Na milango mingine inazidi kufungwa mmoja baada ya mwingine, bila mtu kutuuliza.

Tazama mambo ya kawaida tu. Umeme wa LUKU unaletwa na tarakimu 20 ndani ya ujumbe mfupi. Tangu Agosti 2021 kodi ya jengo nayo inakatwa humohumo, ukinunua umeme umelipa kodi. Ada, faini, kibali, ankara ya maji: unapewa namba ya malipo, ukalipe kwa simu au kwa wakala. Kazi ya serikali unaiomba kwenye Ajira Portal. Mkopo wa elimu ya juu unauomba mtandaoni, matokeo ya mtihani unayatafuta mtandaoni. Na simu yenyewe haikupi haya yote hivihivi. Mnakumbuka foleni za mwaka 2019, watu wakitafuta namba ya NIDA ili wasajili laini kwa alama za vidole, mwisho ukasogezwa hadi Januari 20, 2020. Ule ndio wakati laini ilipogeuka kitambulisho.

Mtu wa mfumo atanijibu kwa takwimu. Laini zilizosajiliwa nchini ni zaidi ya milioni 80, na sensa ya 2022 ilihesabu watu milioni 61.7, kwa hiyo simu zimetapakaa kuliko watu. Hesabu hiyo naiheshimu kama hesabu ya laini. Mimi nina mbili. Wakala wa mtaani kwetu ana tano, zote mezani. Bibi yangu mzaa mama, aliyeko wilaya ya Bahi, ana moja, na ngoja niwaeleze hiyo moja inavyofanya kazi.

Iko ndani ya kitochi kilichofungwa kwa mpira wa ndala kwa sababu kifuniko kilipotea. Nyumba yake haina umeme. Nguzo zimepita kijijini, lakini nguzo kupita na waya kuingia ndani ni mambo mawili. Kwa hiyo simu inapelekwa dukani kwa kijana mwenye sola, inachajiwa kwa hela, na siku ikiwa dukani bibi hapatikani. Hata ikirudi, mtandao haufiki uani. Inabidi usogee mpaka kwenye kichuguu nyuma ya zizi. Ndiyo maana nikimpigia sianzi na salamu, naanza kwa kuuliza kama ameshafika. Akishafika ananiambia, "Mbukwa," na hapo ndipo mazungumzo yanaanza.

Bibi hasomi. Ujumbe ukiingia anasomewa na mjukuu, yule wa darasa la sita, na kama mjukuu yuko shule, ujumbe unasubiri. Namba yake ya siri ya kutolea pesa inajulikana na watu wanne: mjukuu, mama mdogo, wakala na mimi. Bado tunaiita namba ya siri. Mabango ya kuonya yamebandikwa kila mahali kwamba usimtajie mtu namba yako, na ujumbe wa matapeli wa "ile pesa tuma kwenye namba hii" umekuwa utani wa taifa zima, kuna hata namba ya kuripoti, 15040. Lakini yote hayo yanamlenga mtu anayeweza kusoma skrini yake mwenyewe. Ambaye hawezi, usalama wake wote ni uaminifu wa mtoto wa miaka kumi na miwili.

Laini hiyo ilipopotea mwaka juzi, ikabidi irudishwe kwa kidole. Sasa kidole cha mtu aliyeshika jembe kwa miaka hamsini na ushee hakisomeki. Mistari imesagika. Kijana wa ofisi ya mtandao alikuwa mpole, sitamsema vibaya. Alimfuta vidole kwa kitambaa, akampaka mafuta, akamwambia abonyeze, alegeze, abonyeze tena. Mashine ikakataa. Wakarudi nyumbani kwa bodaboda, wakaja tena wiki iliyofuata. Kilichosomeka mwishoni ni kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto. Katikati ya wiki hizo mbili bibi alikuwa mtu asiyekuwepo: hatumiwi hela, hapigiwi, hawezi kuthibitisha lolote. Na hakuwa amefanya kosa. Alikuwa amelima tu.

Mtu kama huyo umwambie nini kuhusu mfungo wa simu?

Nao mfungo huo, ukiuangalia vizuri, ni kitu cha gharama. Anayeweza kuzima simu siku thelathini ni mtu mwenye uhakika kwamba katika siku hizo hakuna atakayeugua, hakuna atakayefukuzwa shule kwa mchango, hakuna atakayefiwa. Mimi ni mtoto wa kwanza kufika chuo kikuu katika ukoo wa mama. Simu yangu ikizimika saa tatu usiku kwa sababu ya chaji, asubuhi nakuta watu wanne wamenitafuta na mmoja ameshaanza kunisema kwamba mjini nimebadilika. Kupatikana kumekuwa sehemu ya adabu. Zamani mtoto mwenye adabu alipiga goti. Siku hizi anapokea simu kabla haijakatika.

Na bado naipenda. Lazima niseme hivyo, maana wanaoshambulia simu huwa wanajifanya kana kwamba kabla yake tulikuwa tunaishi peponi. Hatukuwa. Mama yangu anasimulia jinsi habari ya kifo cha babu yake ilivyofika siku tatu baada ya mazishi, imeletwa na mtu wa gari la ng'ombe. Leo kuna m-mama, mfumo wa usafiri wa dharura kwa wajawazito na watoto wachanga. Unapiga 115 bure, anapokea mhudumu, anatafuta gari la wagonjwa, na kama halipo anatafutwa dereva wa kijiji aliyeandikishwa, ambaye analipwa kwa M-Pesa. Katika nyanda hizi ambako kijiji na kijiji vinatenganishwa na kilomita za vichaka na mchanga, jambo hilo ni kubwa kuliko hotuba zote za maendeleo nilizowahi kusikia. Lakini angalia linavyofanya kazi: halidai bando, halidai salio, halidai simu ya kupangusa, halidai hata ujue kusoma. Linadai namba tatu, na upande wa pili linaweka binadamu. Kumbe inawezekana.

Kwa huduma nyingine hatukupewa hivyo. Kinyume chake, mlango ulipokuwa umebaki mmoja, ukawekewa ushuru. Julai 2021 zilikuja tozo za miamala, kuanzia shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala kutegemea kiasi. Nakumbuka watu walivyorudi kwenye bahasha: unamwendea kondakta wa basi la kwenda Kondoa, unamwandikia jina na kituo, unampa na yeye ya soda. Septemba mwaka huohuo tozo zikapunguzwa kwa asilimia 30, zikaendelea kupungua baadaye kwa kelele za wananchi. Wengi wanaikumbuka hadithi ile kama ushindi. Mimi naikumbuka kwa sababu ilionyesha ukweli mmoja waziwazi: huwezi kumtoza mtu namna ile kwa kitu cha anasa, angekiacha. Unamtoza kwa kitu ambacho unajua hawezi kukiacha.

Serikali haiko peke yake katika kujua hilo. Wakopeshaji wa mitandaoni wanajua zaidi. Unapakua programu, unakubali masharti bila kusoma, unapata elfu hamsini. Ukichelewa, programu imeshakomba majina yote yaliyomo kwenye simu yako, na ujumbe unaanza kwenda kwa mchungaji, kwa mkwe, kwa bosi. Mimi nimepokea ujumbe wa namna hiyo kuhusu kijana niliyesoma naye kidato cha nne, ambaye hatujaongea miaka saba. Nikaambiwa ni tapeli na nimhimize alipe. Dhamana ya mkopo haikuwa ng'ombe wala kiwanja, ilikuwa aibu yake. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Sheria ya kulinda taarifa binafsi tunayo tangu 2022, na tume yake ipo. Vyote vizuri. Lakini ukishamlazimisha mtu aweke maisha yake yote ndani ya kifaa kimoja, usishangae anayekishika kifaa hicho akimshika na mwenyewe.

Hapa najua nitaulizwa: kwani unataka turudi kwenye risiti za kuandika kwa mkono? Swali ni la haki. Malipo ya kidijitali yaliziba matundu mengi. Fedha za umma zilizokuwa zikipita kwenye droo ya karani na kubaki humo, sasa zinaingia moja kwa moja. Kitabu cha risiti cha bandia, ambacho kila mfanyabiashara mdogo wa soko alikijua, kimekosa kazi. Sitaki kirudi. Mfumo ubaki, hata uongezwe nguvu.

Ninachodai ni kidogo, na nadhani ndiyo sababu hakisikiki. Kila huduma ambayo mtu hakuichagua, umeme, maji, kodi, ruzuku ya pembejeo, malipo ya kaya maskini, kitambulisho, iwe na dirisha lenye mtu. Nyuma ya dirisha, huyo mtu atumie mfumo uleule na namba zilezile. Mbele ya dirisha, mwananchi aje na jina lake na mdomo wake. Kidole kikikataa, kuwe na njia nyingine iliyoandikwa, si hisani ya kijana mpole. Ofisi za kata zipo tayari, na mtendaji yupo tayari. Mwaka 2023, hapahapa Dodoma, ilisainiwa mikataba ya kujenga minara 758 ya mawasiliano vijijini, na mimi nilifurahi kama mtu mwingine yeyote mwenye bibi. Nchi inayoweza kusimamisha mnara porini haiwezi kushindwa kuweka meza na kiti kwenye ofisi ya kata.

Kwanza meza hiyo ipo, ila haikuwekwa na serikali. Iko chini ya mwavuli kando ya barabara, na nyuma yake amekaa wakala. Nilipoanza shahada ya uzamili nilipanga chumba jirani na mmoja, dada wa makamo, na kwa mwaka mzima nimemtazama akifanya kazi ambayo mfumo ulidhani kila mwananchi ataifanya mwenyewe. Wazee wanamletea simu zao kama wanaoleta mtoto kliniki. Anawasomea ujumbe. Anawanakilia tarakimu 20 za umeme kwenye kipande cha boksi la sabuni, nne nne, kwa herufi kubwa, halafu anawaambia wazisome kwa sauti kabla hawajaondoka. Anawafutia ujumbe wa matapeli. Anayejua kusoma anamfundisha, asiyejua hamfokei. Kamisheni yake inatokana na kuweka na kutoa pesa. Kwa haya mengine halipwi na mtu. Nilimuuliza siku moja kwa nini hawatozi hata mia mbili. Akacheka, akasema wengine huacha wenyewe, na msimu wa zabibu ukifika huwa hanunui zabibu.